Anaongea Vizuri, Lakini Chai Inamshinda: Maswali Kuhusu Ubongo na Kazi za Nyumbani

Baba alipata kiharusi. Sasa anatembea, anaongea vizuri, nguvu zimerudi. Mbona hata chai hawezi kujipikia?

Kupika chai hakuhitaji mikono tu. Inabidi aanze bila kusukumwa, ajue kipi kinatangulia, akumbuke kuwa maji yako jikoni huku anatafuta majani, na akikosea atambue na kurekebisha. Usimamizi huo wa shughuli unategemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, na njia zinazoiunganisha na sehemu za ndani. Kiharusi kinaweza kuharibu njia hizo na kuacha miguu na ulimi salama. Ajali ya bodaboda, uvimbe kwenye ubongo na ugonjwa wa Parkinson (ule wa kutetemeka) vinaweza pia kuvuruga usimamizi huo.

Nyumbani wengi huuita uvivu, wengine kiburi, na mgonjwa anagombezwa kila siku kwa jambo lililo nje ya uwezo wake. Hili linaniuma sana, maana mzee anayekaa kitini hadi saa sita bila kuoga huenda anataka kuoga, ila ubongo haumpi ule mwanzo.

Lakini kliniki aliulizwa maswali akayajibu yote.

Ndiyo, na bado tatizo linaweza kuwepo. Chumba cha daktari kimetulia, maswali yanakuja moja moja, na anayeuliza ndiye anayeamua kuanza na kumaliza. Kwa hiyo usimamizi wote umefanywa na daktari, mgonjwa amebaki kujibu tu.

Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa ubongo huko Montreal, Kanada, aliliona hili kwa dada yake mwenyewe, aliyemfanyia upasuaji wa uvimbe mwaka 1928 na kumtoa sehemu kubwa ya mbele ya ubongo upande wa kulia. Miezi 15 baadaye dada huyo aliamua kuandaa chakula cha jioni cha mgeni mmoja na watu wanne wa nyumbani. Muda ulipofika, vyakula vyote vilikuwepo jikoni, kimoja au viwili viko motoni, saladi haijakamilika, nyama haijaanza kupikwa, naye amechanganyikiwa kwa kuhangaika peke yake. Aliposaidiwa kidogo, mambo yakaenda.

Mwaka 1991 wanasaikolojia Tim Shallice na Paul Burgess walichapisha habari za wagonjwa watatu walioumia kichwa, ambao vipimo vya akili waliviweza vizuri. Walipelekwa kwenye mtaa wa maduka London: nunua vitu kadhaa, ulizia bei ya nyanya, baada ya dakika 15 uwe mahali fulani, usiingie duka ambalo hununui kitu. Walikosea na kuvunja masharti zaidi kuliko watu wenye afya.

Mtaalamu hupimaje kwa kazi za kawaida?

Kipimo kimoja kinachotumika sana kilitengenezwa na Carolyn Baum na wenzake huko St. Louis, Marekani. Kina kazi nne: kupika uji wa oti (oats), kupiga simu, kunywa dawa na kulipa bili. Kinachohesabiwa ni msaada aliohitaji mgonjwa, kuanzia 0 hadi 5.

Tuseme mama anapika uji. Amewasha jiko, amepima unga, kisha amesimama. Mtaalamu anasubiri kwanza, na kusubiri huku ndiko kugumu kuliko yote. Kisha anauliza, "Unadhani kinafuata nini?" Hiyo ni 1. Akinyoosha kidole kwenye jagi la maji ni 2. Akisema "Mimina maji" ni 3. Akimsaidia kushika jagi ni 4; mtaalamu akimimina badala ya mama, 5. Mama mwenye 1 anahitaji mtu wa kumkumbusha tu. Mwenye 4 asiachwe peke yake na moto.

Kazi iwe ile aliyoizoea. Mzee ambaye hajawahi kupika maisha yake yote asihukumiwe kwa uji. Mpe kununua umeme kwa simu, au kupanga nauli na safari ya kwenda mjini.

Nyumbani tuangalie nini kabla ya kwenda hospitali?

Mchague kazi moja yenye hatua kadhaa, mkae karibu kwa usalama, mnyamaze. Andikeni alikwama wapi, ni neno gani lilimkwamua, na kama alijua amekosea. Karatasi hiyo mpeni daktari au mtaalamu wa tiba kazi, yule anayemsaidia mgonjwa kurudia shughuli za kila siku. Itamsaidia kuliko kusema "hayuko kama zamani". Angalieni dawa na pesa kwa makini zaidi, maana dozi ya presha iliyomezwa mara mbili, au fedha iliyotumwa kwa tapeli, ni madhara ya kweli.

Anaweza kupata nafuu?

Wengi baada ya kiharusi au ajali hupata nafuu, kwa viwango tofauti. Hatua za kazi zilizobandikwa ukutani, kengele ya simu wakati wa dawa, na kufanya jambo moja kwa wakati redio ikiwa imezimwa husaidia sana. Mabadiliko yakija ghafla, ndani ya dakika au saa chache, hasa mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, msikae kuangalia kazi yoyote: mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.