Maana ya Modeli ya Kihisabati ya Seli T

Modeli ya kihisabati ya seli T ni mkusanyiko wa milinganyo inayoeleza jinsi idadi ya seli hizo inavyopanda na kushuka mwilini kadiri muda unavyopita, na jinsi mabadiliko hayo yanavyotegemea vimelea, dawa na seli nyingine za kinga. Seli T ni aina ya chembechembe nyeupe za damu zinazokomaa katika tezi ya thaimasi. Zile za CD8, zilizopewa jina la protini iliyo juu ya seli hizo, huua seli zilizoambukizwa, na zile za CD4, zilizopewa jina kwa namna hiyohiyo, huongoza na kusaidia kazi ya seli nyingine za kinga.

Hisabati inahitajika kwa sababu kipimo cha damu hutoa idadi ya wakati mmoja tu. Idadi isiyobadilika yaweza kumaanisha kwamba seli hazifi wala hazizaliwi, au kwamba zinakufa kwa wingi na kuzaliwa kwa wingi uleule, kama tangi ambalo maji yake hubaki kwenye kimo kimoja ilhali bomba la kuingiza na la kutoa yote yamefunguliwa.

Mfano unaostahili kuelezwa kwa kirefu ni ule wa VVU. Modeli ya msingi hufuatilia makundi matatu: seli za CD4 zenye afya, seli zilizoambukizwa, na virusi vilivyo nje ya seli. Seli zenye afya huzalishwa kwa kiwango fulani kila siku. Baadhi hufa kwa kawaida, na nyingine huambukizwa kwa kadiri ya idadi yake ikizidishwa kwa idadi ya virusi, kwani kila upande unapoongezeka ndivyo pande hizo zinavyokutana mara nyingi zaidi. Zilizoambukizwa huhamia kundi la pili, ambako hufa mapema, lakini kabla ya kufa hutoa virusi vipya, ambavyo navyo mwili huviondoa kwa kasi yake.

Kwa muda mrefu, miaka ambayo mgonjwa huishi na VVU bila dalili ilidhaniwa na wengi kuwa kipindi cha utulivu. Mwaka 1995 watafiti David Ho, Alan Perelson na wenzao waliwapa wagonjwa dawa inayozuia virusi vipya kukomaa, kisha wakapima jinsi wingi wa virusi ulivyoporomoka. Hoja yao ilikuwa nyepesi na yenye nguvu: uzalishaji ukifungwa, kasi ya kushuka huonyesha kasi ya kuondolewa, na kwa kuwa kabla ya dawa idadi ilikuwa imetulia, uzalishaji lazima ulikuwa sawa na uondoaji. Uchambuzi uliofuata mwaka 1996 ulikadiria kwamba virusi takriban bilioni 10 huzalishwa kila siku, na kwamba nusu ya virusi vilivyo katika damu hutoweka ndani ya saa 6 hivi. Kwa kasi hiyo mabadiliko ya vinasaba hutokea kila siku, na virusi sugu kwa dawa moja hujitokeza upesi. Hii ni mojawapo ya sababu za kutumia dawa kadhaa kwa pamoja.

Modeli nyingine huhusu ugawanyikaji. Seli moja ya CD8 ikigawanyika kila baada ya saa 8, bila yoyote kufa, baada ya siku 5 itakuwa imezaa seli 32,768. Hesabu hiyo huonyesha kwa nini hata seli chache mno zinazokitambua kimelea zaweza kutosha, na kwa nini siku za mwanzo za maambukizi ni za hatari.

Hata hivyo, modeli kuafikiana na vipimo si uthibitisho kwamba ni sahihi. Seli T nyingi hukaa katika tezi za limfu na tishu nyingine, si katika damu inayopimwa, na milinganyo tofauti yaweza kuchora mstari uleule. Njia mojawapo ya kuondoa utata huo ni kuwapa watu wanaojitolea maji yenye haidrojeni nzito, ambayo huingia katika DNA ya seli zinazogawanyika, kisha kufuatilia jinsi alama hiyo inavyoongezeka na kupungua. Vipimo vya namna hiyo vimeonyesha kwamba seli T ambazo bado hazijakutana na kimelea chake zaweza kudumu kwa miaka, ilhali seli za kumbukumbu, yaani zilizokwisha kukutana nacho, zilizo katika damu hufa na kubadilishwa na mpya kwa kasi kubwa zaidi, na kumbukumbu ya kinga hudumu kwa sababu zinazokufa hufidiwa na zinazogawanyika.