Kuinua gari hakutengenezi nafasi ya tairi, jamani

Wiki hii tena kaja mtu na Land Cruiser yake ya kubebea wageni, kapiga lifti ya inchi mbili, katoa tairi za saizi 265/70R16 kaweka kubwa zaidi, 285/75R16, na swali ni lile lile: fundi, gari si nimeshainua, mbona bado inakwangua? Naandika hapa ili nikiulizwa tena niwe natuma linki tu, maana nikirudia hii kitu kwa mdomo nitagombana na mteja.

Lifti inabadilisha gari inakaa wapi ikiwa imesimama. Basi. Springi ndefu inanyanyua bodi, ukiangalia gereji unaona uwazi mkubwa juu ya tairi mpaka roho inafurahi. Sasa pakia wageni, mabegi, friji, mafuta ful tanki, alafu tumbukia kwenye korongo huko Ndutu. Springi inabonyea mpaka ekseli inagota kwenye raba yake chini ya chesisi, na ile raba iko pale pale ilipowekwa kiwandani, hujaigusa, kwa hiyo ekseli inapanda mpaka pale pale ilipokuwa inapanda siku zote, ila safari hii imebeba tairi kubwa zaidi. Piga hesabu mwenyewe: 265/70R16 ina kipenyo cha kama milimita 777, 285/75R16 ni kama 834. Gawa tofauti kwa mbili unapata 28. Gari ikigota, tairi inaingia milimita 28 juu kuliko zamani, uwe umeinua inchi mbili, uwe umeinua inchi sita.

Dawa ya hapo juu ni rahisi, unarefusha raba ya kugotea. Gari inapoteza mchezo wa springi kidogo na wageni wanarushwa zaidi kwenye makorogesheni ya kutoka Naabi kwenda Seronera, lakini bati linapona.

Kinachoniudhi mimi ni kwamba watu wanaangalia juu wakati tairi inakwangua nyuma. Kunja stelingi mpaka mwisho alafu chungulia kona ya nyuma ya madigadi ya mbele, kule chini karibu na mlango. Pale ndo penye kesi. Lifti haisaidii chochote pale, na kwenye hizi Land Cruiser 70 zenye springi za koili mbele inaharibu kabisa, kwa sababu ekseli imeshikwa na mikono miwili inayotoka nyuma kwenye chesisi kuja mbele, ukinyanyua bodi mikono inainama zaidi, na mkono ukiinama unaivuta ekseli irudi nyuma. Nyuma! Yaani umelipa hela tairi isogezwe kwenye kona ile ile inayokwangua. Juu ya hapo ekseli inajizungusha kidogo, kasta (ule mlalo wa kingpini kwenda nyuma) inapungua, stelingi hairudi yenyewe baada ya kona, dereva anaanza kulaumu tairi.

Alafu anakuja mwerevu mwingine, anaweka spesa (kipande cha kusogeza tairi nje) au rimu za kutokea nje ili tairi isiguse chesisi kwa ndani. Sawa, kwa ndani haigusi. Lakini tairi ikikaa mbali na kingpini, yaani pale inapozungukia ukikunja stelingi, ukikunja inafagia duara kubwa zaidi, inaipata kona ya madigadi mapema kuliko mwanzo. Umehamisha tatizo kutoka kwenye chesisi ngumu ukalileta kwenye bati laini. Hongera.

Bodi lifti ni habari nyingine, ile inatenganisha bodi na chesisi kwa hiyo nafasi inapatikana kweli, ila gari ya paa la kufunguka, imeshakatwa na kurefushwa na mtu mwingine, mimi sinyanyui bodi yake.

Kwa hiyo tunakata bati la madigadi. Lakini kabla sijashika grainda natoa springi za mbele, narudisha tairi, napandisha ekseli na jeki upande mmoja mpaka igote, upande wa pili naacha unaning'inia, kijana anazungusha stelingi kona hadi kona mimi niko chini na chaki. Alafu tunageuza upande. Bila hivyo unakata kwa kubahatisha. Na fungua plastiki ya ndani uone nini kiko nyuma, kuna waya, kuna chupa ya maji ya waipa, grainda haichagui.

Madigadi ya mbele ni bati moja limefungwa kwa bolti, haina shida, unakata ukiacha ukingo wa kukunja kwa ndani, kwa sababu bati lililokatwa likaachwa wazi ni kisu na siku moja litachana ubavu wa tairi. Nyuma ndo pa kuheshimu. Pale bati ni mbili, la nje na la ndani, zimeshikana kwa spoti, yaani vidoti vya kuchomelea, pale pale ukingoni. Ukikata kupita zile spoti umefungua bodi, maji na tope vinaingia katikati, lazima uzirudishie kwa kuchomelea, upige praima ya zinki na silanti. Na hapa niseme ukweli: moto wa kuchomelea unaunguza rangi ya upande wa ndani ambako mkono haufiki. Nanyunyizia nta kupitia tundu, naomba Mungu. Kuna kazi safi nimeona zimeshika kutu na kazi za ovyo bado zinadunda, na sina maelezo yanayoniridhisha.

Uache nafasi kiasi gani? Mimi naacha vidole viwili, lakini hiyo ni kukisia tu, sababu gereji haina bushi zinazocheza wala udongo mweusi ulioganda ndani ya madigadi.

Mwisho, spidomita. Tairi hiyo ikizunguka mara moja gari inakwenda mbali zaidi kwa asilimia 7 hivi, kwa hiyo mshale ukisoma 50, ile spidi ya mwisho inayoruhusiwa Serengeti, wewe uko karibu 54. Nimewaambia madereva wote. Mkisimamishwa msinitaje.