Usaili wa haiba kwa simu: yanayosemwa na yalivyo

Ukishatuma maombi ya kazi, ukapata ujumbe kwamba utapigiwa simu "tukufahamu kidogo kabla ya usaili wenyewe", ushauri wa jamaa na marafiki unaujua kabla hawajafungua mdomo: changamka, jiamini, kuwa wewe. Wanakutakia mema, ila wanaipa simu hiyo sura ya maongezi ya kujuana. Mara nyingi sivyo ilivyo. Anayekupigia ana orodha ya maswali yaleyale anayomuuliza kila mwombaji, na pembeni ya kila swali kuna nafasi ya alama. Anachopima ni haiba yako, yaani namna unavyofanya kazi na watu, unavyobeba jukumu na unavyokuwa mambo yakikuzidi. Huo tayari ni usaili, na kuna wanaochujwa humo ambao kwenye karatasi hawakuwa na kasoro.

"Haiba haina maandalizi, unajibu tu ulivyo"

Hii ndiyo inayowaangusha wengi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Asiyejiandaa hajibu alivyo. Anajibu kinachomjia kwanza mdomoni, na mtu mwenye wasiwasi kinachomjia kwanza ni sifa: mchapakazi, mwaminifu, napenda kushirikiana. Msaili amezisikia sifa hizo kwa kila aliyempigia tangu asubuhi. Hazimpi cha kuandika.

Chukua swali ambalo karibu halikosi: "Nieleze mara ya mwisho ulipotofautiana na mwenzako kazini." Mwombaji wa kwanza anajibu: "Kusema kweli mimi sina shida na mtu. Ni mtu wa watu, nikiona mambo hayaendi naongea na mwenzangu tunayamaliza." Linapendeza sikioni, lakini mwenzake nani, mambo gani, na yaliishaje? Sasa msikilize wa pili: "Mwenzangu wa zamu ya usiku alikuwa haifungi hesabu ya stoo. Nikiingia asubuhi naanza na upungufu usio wangu. Nilimsubiri siku moja zamu ilipoisha, tukiwa wawili tu, nikamwonyesha kitabu. Kumbe alikuwa akiwahi gari la mwisho. Tukakubaliana afunge hesabu nusu saa kabla, na kitakachotoka baada ya hapo akiandike kwenye karatasi ya pembeni. Upungufu ukaisha. Marafiki hatukuwa, lakini kazi ilikwenda."

Huyu hakutamka neno "mvumilivu" wala "ushirikiano". Msaili ameyapata mwenyewe, pamoja na jambo la tatu ambalo mwombaji pengine hakulikusudia: aliuliza kabla ya kushtaki. Ile kauli ya "marafiki hatukuwa" nayo ina thamani yake, maana anayetunga kisa hawezi kujizuia kukimalizia kwa kukumbatiana.

Kwa hiyo kaa chini utafute matukio matano au sita yaliyokutokea kweli. Moja la kutofautiana na mtu, moja la kosa lako mwenyewe, moja la kazi iliyokuja kwa haraka, moja la mteja au mkubwa asiyeridhika, moja la kazi uliyopewa bila maelekezo. Kama hujawahi kuajiriwa, kazi ya kikundi chuoni, timu ya mpira au shughuli ya kujitolea inatosha. Kila tukio liandike kwa vipande vinne vifupi: hali ilikuwaje, ulitakiwa ufanye nini, ulifanya nini, matokeo yakawa nini. Andika maneno machache tu, usiandike sentensi nzima. Ukiandika sentensi utazisoma, na sauti ya mtu anayesoma inajulikana hata akiwa mbali.

Halafu rudi kwenye tangazo la kazi. Likisema "kazi yenye muda mfupi wa kukamilisha", hilo ni swali limeshaulizwa kabla ya simu. Lipatie tukio lake.

"Wanamtaka mchangamfu"

Wanasaikolojia wengi wanaochunguza haiba hutumia mgawanyo wa sifa kuu tano: uwazi kwa mambo mapya, uwajibikaji, uchangamfu, utangamano na watu, na utulivu wa hisia. Mwaka 1991 watafiti Murray Barrick na Michael Mount walikusanya pamoja matokeo ya tafiti nyingi zilizokuwa zimefanywa kuhusu sifa hizo na utendaji kazini. Sifa iliyoambatana na utendaji mzuri katika makundi yote ya kazi waliyoyaangalia ilikuwa uwajibikaji: kupanga, kumaliza ulichoanza, kutosubiri kusukumwa. Uchangamfu ulionekana kuwa na maana kwa mameneja na wauzaji.

Na hata kwa wauzaji, mambo si mepesi hivyo. Mwaka 2013 mwanasaikolojia Adam Grant alichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wanaouza kwa kupiga simu, na waliouza zaidi walikuwa wale wa katikati, si wachangamfu sana wala wakimya sana. Mwenye kuzungumza bila kituo huwa hasikii mteja anasema nini.

Mtu mpole basi hana sababu ya kuigiza utangazaji wa redio kwa dakika ishirini. Atachoka dakika ya saba, na msaili atasikia sauti ikishuka.

"Kimya cha msaili ni dalili kwamba umeharibu"

Umemaliza kujibu. Upande wa pili hakuna "sawa", hakuna "vizuri", hakuna hata kuguna. Moyo unaanza kwenda mbio.

Katika usaili uliopangiliwa, wasaili wengi huelekezwa wasionyeshe kama jibu limewapendeza, ili asiwepo anayepewa moyo na mwingine akanyimwa. Baadhi huruhusiwa kulirudia swali lakini si kulifafanua. Ukiuliza "unamaanisha kazini au nyumbani?" unaweza kujibiwa "jibu unavyolielewa", na hakuna dharau yoyote hapo. Zaidi ya hayo, mtu yule anaandika au anachapa unachosema.

Kinachotutisha ni mazoea ya masikio. Utafiti wa mwaka 2009 uliolinganisha lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia ulionyesha kwamba katika maongezi ya kawaida pengo kati ya swali na jibu huwa, kwa wastani, karibu sehemu moja ya tano ya sekunde. Sasa weka sekunde nne za mtu anayechapa, na uso wake huuoni. Mwombaji anaona bora azibe pengo, na hapo ndipo jibu zuri linapoharibika: "...yaani si kwamba nilikuwa nagombana naye sana, ila ndiyo hivyo, watu wengine wagumu..." Tayari ameongeza asichoulizwa.

Sema ulichokusudia, kisha nyamaza. Kimya kikizidi, uliza kwa adabu: "Hilo linatosha, au niongeze mfano?" Nawe pia una haki ya kunyamaza. "Naomba sekunde chache nifikirie" ni kauli isiyomkera msaili yeyote mwenye akili zake.

"Kwenye maswali ya kukubali na kukataa, chagua lililo zuri kila mara"

Usaili mwingine huendeshwa na mashine: sauti inasoma kauli, nawe unabonyeza namba kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa". Wajanja hufundishana wachague jibu la malaika mwanzo hadi mwisho. Watunga vipimo walilitarajia hilo zamani. MMPI, kipimo cha haiba kilichochapishwa mwaka 1943 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, kilikuwa tayari na kauli za kumnasa anayejipamba. Ukidai kwamba hukasiriki kamwe na hujawahi kuahirisha jambo, unachojenga ni shaka. Vipimo vingi pia huuliza jambo lilelile kwa maneno mengine baada ya maswali kadhaa. Umekubali kabisa kwamba unapenda kufanya kazi katikati ya watu wengi, halafu mbele kidogo unakubali kabisa kwamba kazi zako bora unazifanya ukiwa peke yako. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa hupimwa kwa hesabu.

Kuna jambo moja la haki kabisa unaloweza kufanya: jibu ukijifikiria kazini. Mtu anaweza kuacha vyombo jikoni siku mbili na bado akawa hachelewi na ripoti hata siku moja. Ukiulizwa kama una utaratibu, mwajiri anataka kujua habari za ripoti.

"Simu ni rahisi, hawakuoni"

Hawakuoni, na ndiyo shida. Simu za kawaida, zisizo na teknolojia mpya ya sauti pana, hupitisha sauti zilizo kati ya takriban hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,400 tu. Sehemu kubwa ya mvumo wa "s" na "f" iko juu ya hapo, ndiyo maana majina husikika vibaya na mtu husema "s ya samaki". Punguza mwendo, hasa kwenye majina na tarakimu. Tabasamu nalo husikika: midomo ikivutika, njia ya sauti hufupika na sauti hubadilika, hata kwa asiyekuona. Usiweke spika, inakupa mwangwi.

"Fanya kipimo cha bure mtandaoni, uwatajie aina yako"

Kile kinachokupa aina ya haiba kwa herufi nne, MBTI, kilitungwa na Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, wakitumia mawazo aliyoyachapisha mwanasaikolojia Carl Jung mwaka 1921. Mama na binti huyo hawakuwa wamesomea saikolojia. Kampuni inayokichapisha yenyewe inasema kisitumike kuchagua waajiriwa, kwa hiyo kumtajia msaili herufi zako hakukusaidii. Na kama ulisoma maelezo ya aina yako ukasema "huyu ni mimi mtupu", kumbuka alichofanya mwanasaikolojia Bertram Forer mwaka 1948. Aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya haiba zao, nao wakayapa usahihi wa zaidi ya 4 kati ya 5 kwa wastani. Wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yaleyale.

"Udhaifu wangu ni kupenda ukamilifu"

Usithubutu. Taja udhaifu wa kweli usiogusa moyo wa kazi hiyo, pamoja na unachofanya kuudhibiti.

"Maadamu ni haiba, wanaweza kuuliza chochote"

Ndoa, ujauzito, dini na magonjwa uliyowahi kuugua si haiba, na sheria za nchi nyingi zinawazuia waajiri kuvitumia kubagua waombaji. Hata kipimo chenyewe kinaweza kuvuka mpaka: mwaka 2005 mahakama moja ya rufani nchini Marekani iliamua kwamba MMPI, kwa kuwa kinaweza kufichua maradhi ya akili, ni uchunguzi wa kiafya, na mwajiri hakupaswa kukitumia vile alivyokitumia. Ukiulizwa la namna hiyo, jibu la upole linatosha: "Naomba kujua linahusianaje na majukumu ya nafasi hii."

"Wakipiga bila taarifa, pokea na ujibu hapohapo"

Wengine hupiga siku isiyo yake, nawe uko barabarani na chaji inakwisha. "Asante kwa kunipigia. Nilipo kuna kelele. Naweza kuwa sehemu tulivu baada ya saa moja, au unipangie muda unaokufaa?" Mwulize jina lake na simu itachukua dakika ngapi, uandike. Akisema ni lazima iwe sasa hivi, omba dakika mbili usogee pembeni, kisha uanze.