Nondo Anayekamilika kwa Kupukutisha Magamba

Niliwafuga viwavi wa nondo aitwaye kitaalamu Cephonodes hylas kwa majani ya gadenia hapa nyumbani Nairobi kwa sababu moja tu: nilitaka kuishuhudia safari yao ya kwanza angani. Nondo alipotoka kwenye bundo, mabawa yake yalikuwa yamefunikwa magamba ya kijivu. Alining'inia kijitini hadi yakakauka, akaanza kuyatetemesha, na aliporuka, magamba yalipukutika juu ya karatasi nyeupe niliyokuwa nimeitandika, yakabaki mabawa maangavu kama kioo, yenye mishipa myembamba ya rangi nyeusi. Nondo wengine wakipoteza magamba huwa wamechakaa, ilhali huyu ndipo anapokamilika.

Kwa kuwa huruka mchana kweupe, mbele ya macho ya ndege, sura hiyo ndiyo ngao yake. Mwili mnene wa kijani kibichi chenye umanjano, mkanda wa hudhurungi nyekundu tumboni na kishungi cheusi mkiani humfanya ndege aliyewahi kuumwa na nyuki asite, ingawa nondo huyu hana mwiba wowote. Mwanasayansi Mwingereza Henry Walter Bates, kutokana na vipepeo aliowachunguza Amazon, ndiye aliyeueleza ulinzi wa namna hii mwaka 1862. Wazungu wengi humlinganisha na nyuki wa jenasi ya Bombus, wale wanene wenye manyoya mengi, lakini ulinganisho huo hautufai, maana nyuki hao hawapo kiasili kusini mwa Sahara. Kwetu wa kulinganishwa naye ni wale nyuki wakubwa wanaotoboa mbao za paa.

Ukitaka kumtambua, tazama anavyokula. Nyuki hutua juu ya ua, lakini nondo huyu husimama hewani mbele yake, akakunjua mrija mrefu na kufyonza mbochi, kisha akahamia ua jingine kabla hujavuta pumzi. Vipapasio vyake pia hunenepa kuelekea nchani.

Kiwavi wake ana pembe mkiani, na watu wengi humuua kwa kuidhani mwiba. Pembe hiyo haichomi. Hula majani ya gadenia, mibuni na jamaa zake, na akishiba huteremka ajifiche udongoni au chini ya majani makavu. Kwa hiyo namwomba mwenye ua wa gadenia asipulizie dawa, na asifagie kila jani lililoanguka shinani.