Ndama wa chupa si nakala

Pemba, mchezo wa ng'ombe ukisha, baraza huendelea kwa saa nzima. "Yakhe, fahali yule angetolewa kopi, tukawa nao watatu!" Mwenzake atamjibu kuwa wazungu washafanya zamani, ndio hao ndama wa chupa. Hapo vitu viwili vimetiwa chungu kimoja.

Ndama wa chupa ana baba na mama. Mayai ya ng'ombe jike hutolewa, huachwa yapevuke kama siku moja, kisha huwekwa kwenye kisahani pamoja na mbegu za dume, ndani ya kabati lenye joto la mwili wa ng'ombe. Wa kwanza alizaliwa Marekani 1981. Nakala haina mbegu ya dume. Yai huondolewa kiini chake, yaani sehemu yenye vinasaba, likatiwa kiini cha seli ya mwili, tuseme ya ngozi ya sikio, ya mnyama anayenakiliwa. Ndivyo alivyopatikana kondoo Dolly huko Uskoti 1996, na ng'ombe kule Japani 1998.

Wapo wanaodhani nakala hutoka jitu zima, na pembe zake. La, hubebwa miezi tisa na ng'ombe jike aliyepandikizwa mimba changa, huzaliwa, hunyonya. Na mabaka? Nakala za Friesian moja hazifanani mabaka, kwa kuwa seli za rangi hujitawanyia ngozini zenyewe mtoto akiwa tumboni. Basi sembuse ukali wa fahali, ambao sehemu yake ni malezi ya bwana wake.

Kosa linalonikera zaidi ni kudhani kuwa kiinitete, hiyo mimba changa, kikionekana kizuri, ndama keshapatikana. Siku ya saba, chini ya hadubini, cha chupa na cha nakala ni kidonge kilekile cha seli mia hivi chenye uwazi wa maji katikati. Tofauti hujitokeza baadaye. Kiini cha ngozi kinatakiwa kisahau kwamba kilikuwa ngozi, kianze upya, na mara nyingi hakisahau chote. Kinachoharibika sana ni kondo la nyuma: mimba hutoka, au tumbo hujaa maji, au ndama huwa mkubwa kupita kiasi. Dolly ndiye pekee aliyezaliwa kati ya mayai 277 yaliyotiwa kiini. Ndama wa chupa naye huweza kuzidi ukubwa, ila kwa uchache.

Nyama na maziwa ya nakala? Mamlaka ya chakula ya Marekani ilisema 2008 kuwa ni salama sawa na ya ng'ombe wengine. Hukumu ya kisharia waulizwe masheikh, si mimi.

Na wale wanaokataa "sindano", yaani kupandisha ng'ombe kwa mbegu bila kuletewa dume, kwa kuogopa chupa: mbegu inayotoka kituo cha Usa River, Arusha, huingizwa ndani ya ng'ombe wako mwenyewe, na yai lake halitoki tumboni hata dakika moja.