Rimasta ni nini, na nini si rimasta

Siku hizi karibu kila kazi ya zamani inayopita kwenye magrupu ya muvi imebandikwa neno "rimasta". Ukiifungua, mara nyingi ni faili lile lile la miaka yote, programu imelivuta likajaa skrini na nyuso za watu zimekuwa kama nta. Hilo nimeshalizoea. Linalonikera ni sifa ninayoisikia kila ikitajwa Star Trek ya kwanza, ile tamthilia ya televisheni ya 1966 kuhusu safari za angani: "Angalia rimasta yake uone wale wazee walivyokuwa mbele, meli yao ya angani mpaka leo haijachuja." Meli anayoisifu msemaji haikutengenezwa na wazee wale.

Maana yenyewe haina mengi. Masta ni nakala mama, ile ambayo nakala nyingine zote huzaliwa kwayo. Kurimasta ni kutengeneza nakala mama mpya kutoka kwenye kitu cha awali kabisa kilichosalia, kwa vifaa bora kuliko vya zamani: unaskani upya, unaondoa vumbi na mikwaruzo, unasawazisha rangi, unasafisha sauti. Ni kama kurudi studio na negativu, yaani ile filamu iliyotoka kwenye kamera, ya picha ya harusi ya wazazi, badala ya kupiga picha ile iliyofifia ukutani. Itatoka safi kuliko uliyoizoea, lakini bibi harusi ni yule yule na gauni ni lile lile. Ukimvalisha gauni jipya kwa kompyuta, umefanya kazi nyingine.

Star Trek ilianza kurushwa na kituo cha televisheni cha NBC cha Marekani tarehe 8 Septemba 1966 na ikaisha 1969, sehemu 79. Ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, sawa na sinema za ukumbini, ingawa watu waliitazama kwenye televisheni za wakati ule ambazo zilionyesha sehemu ndogo tu ya kilichomo ndani ya filamu. Hiyo ndiyo bahati yake. Mwaka 2006, kampuni ya CBS ilipotaka kuirusha kwa ubora wa HD, yaani picha kali ya televisheni za kisasa, negativu zilikuwepo. Zikaskaniwa, na ghafla ukaanza kuona nyuzi za sare za Kapteni Kirk na rangi ya kuta za meli. Hadi hapo ni rimasta halali, tena nzuri sana.

Tatizo likaja kwenye picha za angani. Meli ya Enterprise ilikuwa modeli ya mbao na plastiki yenye urefu wa takriban mita 3.4, leo iko kwenye makumbusho ya anga ya Smithsonian, Washington. Iliwekwa mbele ya pazia la buluu ikapigwa picha. Nyota zikapigwa peke yake, sayari peke yake. Kisha vipande hivyo vikaunganishwa kwa mashine iliyopiga picha ya filamu juu ya filamu nyingine. Kila hatua ilikuwa nakala ya nakala, na kila nakala iliongeza chenga na uchafu. Kwa hiyo hata ukishika negativu ya mwisho, picha ya meli tayari imeshachakaa kabla haijafika mezani kwako, wakati picha ya mhusika kama Spock iliyo kando yake inang'aa. Kwenye televisheni ya 1966 tofauti hiyo haikuonekana. Kwenye HD ilikuwa inapiga kelele.

Wakafanya uamuzi. Kikosi cha CBS Digital, pamoja na Michael Okuda, Denise Okuda na David Rossi, kiliondoa picha za angani za zamani na kuweka mpya zilizochorwa kwa kompyuta. Hawakuwa wahuni. Walijitahidi kubaki ndani ya fikra za wale wa kwanza, mara nyingi kwa mwendo ule ule wa kamera na muda ule ule wa picha. Hata umbo la skrini halikupanuliwa. Lakini hicho walichokifanya ni kubadilisha, na sanduku la diski likaandikwa neno moja tu: rimasta. Kazi mbili zikapewa jina la kazi moja, na tangu hapo hakuna anayezitenganisha.

Sisemi kwamba mabadiliko yote ni mabaya. Katika sehemu iitwayo "The Doomsday Machine" kuna mashine kubwa inayokula sayari, na mwandishi wake, Norman Spinrad, amewahi kuilalamikia kwamba ilikuwa kifuko cha upepo cha uwanja wa ndege kilichochovywa kwenye saruji. Meli iliyoharibika katika sehemu hiyo hiyo ilikuwa modeli ya plastiki ya kujiungia nyumbani, ya aina inayouzwa madukani, ikaunguzwaunguzwa. Toleo jipya linatisha kweli, nakubali. Lakini Gorn, yule mjusi wa "Arena", amepewa kope zinazopepesa. Nani aliomba?

Kinachonifanya nishikilie tofauti hii ni kilichotokea kwa tamthilia iliyofuata, Star Trek: The Next Generation ya 1987 hadi 1994. Nayo ilipigwa kwa filamu, ila ili kuokoa muda na fedha, uhariri na efekti zote, yaani picha za kubuni kama za angani na silaha, zilifanyikia kwenye mkanda wa video. Maana yake nakala mama iliyokamilika ilikuwa mkanda wenye ubora hafifu, na hapakuwa na negativu ya sehemu nzima iliyokwisha kukatwa na kuunganishwa. Ilipofika zamu ya HD, watu wakaenda ghalani kutafuta mikebe ya filamu, wakaiskani, kisha wakahariri upya sehemu zaidi ya 170, kila mkato ukifuatisha mkato wa zamani. Na meli? Safari hii vipande vilivyopigwa vya modeli vilikuwepo kwenye filamu, kwa hiyo viliunganishwa upya ndani ya kompyuta bila zile nakala za nakala. Kilichochorwa upya ni hasa kile kilichokuwa kimezaliwa kwenye video, kama miali ya silaha, pamoja na baadhi ya sayari. Diski zilitoka kati ya 2012 na 2014. Unachokiona pale ni modeli ile ile, taa zile zile, mikono ile ile ya mafundi wa zamani, ila kioo kimefutwa. Hiyo ndiyo rimasta. Ni kazi ghali mno, na tamthilia nyingine za Star Trek, Deep Space Nine na Voyager, zilizotengenezwa kwa njia hiyo hiyo ya mkanda, hazijafanyiwa.

Mfano wa upande wa pili ni Red Dwarf, vichekesho vya angani vya BBC. Mwaka 1998 misimu yake mitatu ya kwanza ilitolewa upya kwa jina la rimasta: modeli zikang'olewa na kuwekwa meli za kompyuta, picha ya video ikapakwa sura ya filamu, ikakatwa juu na chini ili iwe pana. Picha za waigizaji zilikuwa za video tangu mwanzo, kwa hiyo negativu ya kurudia haikuwepo. Mashabiki waliikataa, na DVD zilipokuja zikabeba toleo la zamani.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama umeona Enterprise ikizunguka sayari yenye mawingu yanayosogea, ulichokitazama ni Star Trek iliyorimastiwa na kuwekewa efekti mpya za 2006. Iite hivyo, maneno matano sita hayachoshi. Na kama unataka kuwasifu wale wa 1966, diski za Blu-ray zinakuruhusu kuchagua efekti za awali katika sehemu ile ile unayoitazama. Chagua hizo, uone chenga zake, ndipo uwasifu.