Hotuba ya Krismasi ya mfalme wa Uingereza si mubashara
Kila Desemba ujumbe uleule huzunguka kwenye magrupu: eti mfalme wa Uingereza huhutubia taifa mubashara. Sivyo. Tangu 1960 hotuba hiyo hurekodiwa mapema, ili kanda zifike nchi za Jumuiya ya Madola kwa wakati. Ile ya kwanza ya televisheni, 1957, ilikuwa mubashara kweli, na saa isiyobadilika huwachanganya watu zaidi: saa 9 alasiri kule, saa 12 jioni Afrika Mashariki. Kuhakiki si kazi. Tazama picha za asubuhi ya tarehe 25: kwa kawaida mfalme yuko kanisani Sandringham, ilhali hotuba mara nyingi hurekodiwa London au Windsor, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.